Staa wako akiitwa mbaguzi, usikimbilie kumtetea kabla hujasoma hii

Hali unaijua. Ni saa nne usiku, uko Homa Bay, umelala chali, stima imerudi baada ya kupotea jioni nzima na bando lako limebaki kidogo tu. Unafungua X kuangalia kama msanii wako ametoa kitu kipya. Unakuta jina lake linatrendi, lakini si kwa wimbo. Kuna picha ya zamani amesukwa nywele za watu weusi. Ama kuna video amejipaka rangi usoni. Ama ametumia mdundo wa watu fulani bila kuwataja. Chini yake maelfu ya watu wanasema huyu ni mbaguzi, huyu ni mwizi wa utamaduni, tumalizane naye.

Moyo unaruka, na vidole havingoji moyo utulie. Kabla hujamaliza kusoma mashtaka tayari umeandika: "Mwacheni, hamumjui."

Nataka tuongee kuhusu hizo dakika tano. Sikuja kukuambia uache kuwa shabiki. Mimi mwenyewe ni shabiki, tena sugu, na kuna wasanii nitawatetea mpaka simu izime. Lakini nimewahi kumtetea mtu vibaya, na nitakusimulia, kwa sababu kisa chenyewe kinaishia hapa kwetu, kwenye nyatiti.

Mwaka wa 2018 nilikuwa mtu wa Kanye West. Albamu zake nilizijua kama watoto wa Sunday school wanavyojua kwaya. Basi tarehe 1 Mei mwaka huo akaenda kwenye ofisi za TMZ kule Marekani, akasema kwamba utumwa wa watu weusi uliodumu miaka 400 unaonekana kwake kama jambo ambalo watumwa walijichagulia. Mfanyakazi mmoja wa hapo, mtu mweusi, alisimama akamjibu palepale. Video ikazunguka dunia nzima, ikafika hata Migori kwa binamu yangu, ambaye aliipandisha Facebook na maneno mawili: "Huyu ameisha."

Niliingia kwenye comments kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua. Niliandika kwamba amenukuliwa vibaya. Nikaandika kwamba yeye ni msanii na wasanii huongea kwa mafumbo. Nikaandika kwamba wanaomshambulia wana wivu. Binamu akauliza swali moja tu: "Umesikiliza video yote?" Nilikuwa sijaisikiliza. Nikajibu kwa tusi. Tulikaa mpaka Disemba bila kusalimiana, na ile ni nyumba ninayolala kila nikishuka Migori.

Mwezi mmoja baadaye, 1 Juni, Kanye akatoa albamu iliyoitwa Ye. Wimbo wa pili unaitwa Yikes. Nikabonyeza, na kabla Kanye hajafungua mdomo nikasikia kitu ninachokijua. Zile sauti! Zimebadilishwa, zimepandishwa, lakini ni zetu. Ni Kothbiro.

Kama umelelewa kando ya ziwa hili, huhitaji kuelezwa. Kama umelelewa kwingine, koth ni mvua na biro ni kuja: mvua inakuja. Ni wimbo ambao wengi wanamhusisha na Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 na kujulikana pia kama Job Seda. Sauti alizochukua Kanye zilitoka kwenye rekodi ya bendi ya Black Savage ya miaka ya 1970. Ogada akaja kuurekodi tena kwa nyatiti kwenye albamu yake En Mana Kuoyo, iliyotolewa 1993 na Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Mwaka 2005 wimbo ukaingia kwenye filamu The Constant Gardener, ndiyo maana kuna watu huko Ulaya wanaoujua bila kujua hata Homa Bay iko wapi.

Unafikiri nilifanya nini? Nilipiga screenshot, nikaipandisha, nikaandika: "Mnaona sasa? Mbaguzi gani anaimba Kijaluo?"

Nilijiona wakili. Likes zikamiminika. Aliyenikata maini ni mjomba wangu wa Oyugis, mtu asiyejua Kanye ni nani. Aliniuliza kwa simu, polepole kama kawaida yake: "Okewa, huyo kijana ametumia wimbo wa Job Seda, sawa. Amemlipa? Na hayo mengine aliyosema kuhusu utumwa, wimbo unayafuta namna gani?"

Maswali mawili. Nimeyabeba tangu siku hiyo, na nadhani ndiyo tunayokosa kila tukiingia vitani mtandaoni. Tunachanganya kesi mbili. Kuna mashtaka ya kuchukua kitu cha watu, na kuna mashtaka ya kuwadharau watu. Kila moja ina jibu lake, na jibu la moja halitibu nyingine.

Chukua kesi ya kwanza. Je, Kanye aliiba Kothbiro? Ukifungua orodha ya waandishi wa Yikes utakuta majina mengi, na mwishoni mwa hiyo orodha wapo Wakenya wawili: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Kwenye biashara ya muziki, kutajwa kama mwandishi si heshima tu, ni mlango wa malipo. Kwa hiyo aliyeandika siku ile kwamba Kanye amewaibia Wajaluo alikuwa amekosea, na ungekuwa na haki ya kumjibu, ukiwa na ushahidi mkononi. Huo ndio utetezi mzuri: mfupi, una majina, na mtu anaweza kwenda kuuhakikisha mwenyewe.

Kesi ya pili, ile ya utumwa, Kothbiro haigusi kabisa. Mtu anaweza kupenda muziki wako na bado akakudharau wewe. Historia ya muziki wa watu weusi imejaa watu wa namna hiyo. Halafu Oktoba 2022 Kanye akaanza kutoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, mpaka Adidas ikavunja mkataba naye. Wale tuliosema 2018 kwamba "amenukuliwa vibaya" hatukuwa na la kusema.

Ogada mwenyewe alifariki 1 Februari 2019 nyumbani Nyahera, Kisumu, miezi minane baada ya Yikes kutoka. Wengi wa rika letu walijua jina lake kwanza kupitia kwa Kanye. Hilo linaniuma kidogo, na sijui kama nimlaumu Kanye au nijilaumu mimi.

Sasa tuingie Korea, maana najua wengi wenu ndiko mlikolala. K-pop imefika mpaka Rongo. Nimeona vibandiko vya BTS nyuma ya simu za watu ambao Kiswahili chenyewe kinawapiga chenga lakini Kikorea wanakiimba bila kukwama. Na hakuna mashabiki wanaopigana kama wa K-pop.

Machi 2017 kundi la Mamamoo lilionyesha kwenye tamasha lao video wakiigiza Uptown Funk ya Bruno Mars, nyuso zimepakwa rangi nyeusi. Mashabiki wakagawanyika mara moja. Kuna waliosema Korea ni mbali, hawajui historia hiyo, mambo ya Marekani yabaki Marekani. Lakini Mamamoo wenyewe hawakujitetea hivyo. Waliomba radhi haraka, wakakiri kwamba hawakuelewa uzito wa jambo lile na kwamba hilo halikuwa kisingizio. Hebu fikiria uko Homa Bay saa saba usiku unagombana na mtu wa Atlanta kwamba Mamamoo hawana kosa, halafu unaamka asubuhi unakuta Mamamoo wameshakubali kosa. Unabaki umesimama peke yako uwanjani, jezi umevaa, timu imeshapanda basi.

Kwa nini rangi usoni inawauma hivyo? Kwa sababu karne ya 19 kule Marekani ilikuwa ni burudani ya watu weupe kujipaka masizi na kupanda jukwaani kuwaigiza watumwa kama wajinga, wavivu na wezi. Mhusika mmoja maarufu wa maigizo hayo, wa miaka ya 1830, aliitwa Jim Crow. Baadaye jina hilo hilo likawa jina la sheria zilizowatenga weusi kwenye shule, mabasi na mikahawa mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo yule wa Atlanta akiona uso uliopakwa masizi haoni mzaha. Anaona yale aliyofanyiwa nyanya yake.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna sentensi ambayo shabiki wa Kenya huiandika akidhani anasaidia. Nimeiona mara nyingi, na naiandika kwa aibu kwa sababu niliwahi kuitumia: "Mimi ni Mwafrika, tena mweusi tii, na sijaona ubaya wowote hapo." Ukiandika hivyo, dakika chache baadaye mtu usiyemjua anapiga screenshot, anaipeleka kwa wale waliokasirika na kuwaambia: mnaona, Mwafrika halisi amesema ni sawa, nyinyi mnapiga kelele za nini? Umekuwa ngao. Umetumwa vitani na watu ambao hawajui jina lako, dhidi ya watu unaofanana nao, kumlinda mtu ambaye hajui kama Migori ipo duniani.

Na ukiangalia vizuri, ushahidi wako hauna uzito. Hujakasirika kwa sababu mzigo huo hukuubeba. Hapa nyumbani hakuna aliyejipaka masizi kumwigiza babu yako. Sisi tulikuwa na wakoloni na vipande vyao, tukatozwa kodi ya nyumba, tukapelekwa kwenye mashamba ya walowezi. Kidonda chetu kiko mahali pengine. Mtu akikanyaga kidonda cha jirani, wewe usiye na kidonda pale huwezi kuapa kwamba hakiumi.

Kuna Mwafrika mmoja aliyelipa gharama kwa kusema kinyume. Samuel Okyere, Mghana aliyekuwa maarufu kwenye televisheni za Korea, Agosti 2020 aliwalaumu wanafunzi wa sekondari waliojipaka rangi nyeusi kuigiza wale wabeba jeneza wa Ghana wanaocheza. Wakorea wengi walimgeukia yeye. Aliyelalamika ndiye aliyeishia kuomba radhi. Kwa hiyo ukiandika ile sentensi yako ya "mimi Mwafrika sijaona ubaya", kumbuka kuna Mwafrika mwenzako aliyekuwa kule kule, akauona ubaya, na akanyamazishwa.

Nywele ni kesi ngumu zaidi, na hapa sina hakika kama wengine walivyo na hakika. Septemba 2019 J-Hope wa BTS alitoa Chicken Noodle Soup pamoja na Becky G. Wimbo wa asili ulitoka Harlem mwaka 2006, na chimbuko lake halikufichwa. Lakini nywele zake kwenye video zilifanana na rasta, na vita vikaanza. Mashabiki wakajibu kwamba ni jeli tu.

Ukiuliza nywele zina shida gani, rudi Kenya. Mwezi huo huo wa Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya msichana wa familia ya Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake. Jaji Chacha Mwita alisema kumfukuza kulikiuka haki zake. Mwaka huo huo jimbo la California lilipitisha sheria ya kuzuia watu kubaguliwa kazini na shuleni kwa sababu ya nywele za Kiafrika. Yaani kichwa kile kile kinachomfukuzisha msichana darasani, kikivaliwa na staa kwa siku tatu za kurekodi video, ni fasheni. Hasira inatoka hapo. Mimi sioni kwamba J-Hope ni mbaguzi, na nitakuambia hivyo ukiniuliza. Lakini pia sioni kwamba aliyekasirika ni mwenda wazimu, na hiyo sehemu ya pili ndiyo mashabiki wengi hawawezi kuitamka.

Mwaka mmoja kabla, BTS walikuwa wametoa Idol, na ndani yake wanacheza gwara gwara, mtindo wa Durban, Afrika Kusini, unaohusishwa na DJ Bongz. Rihanna alikuwa ameucheza kwenye Grammy Januari mwaka huo wa 2018, na Childish Gambino akaucheza kwenye This Is America mwezi Mei. Hapo ningewatetea bila kusita. Mtindo wa dansi unatembea, ndiyo kazi yake. Halafu Juni 2020 BTS na kampuni yao walichangia dola milioni moja kwa Black Lives Matter, na mashabiki wakakusanya kiasi kama hicho kwa muda wa siku moja na kidogo. Je, mchango unanunua msamaha wa kila kitu? Hapana, kama Kothbiro ilivyoshindwa kumnunulia Kanye. Ila mtu akikuambia BTS hawajali watu weusi, unayo ya kumwonyesha.

Linganisha na BLACKPINK. Mwezi huo huo video yao ya How You Like That ilionyesha sanamu ya Ganesha, mungu wa Wahindu, ikiwa imewekwa sakafuni kama pambo. Wahindu wakalalamika, na sanamu ikafutwa kwenye video kimya kimya. Kufuta ni afadhali kuliko kukaidi. Lakini Mamamoo walisema neno, na neno lina thamani yake. Mtu akikukanyaga sokoni Sori kisha akaondoa mguu bila kusema pole, amefanya nusu ya kazi.

Isionekane kana kwamba kila anayelalamika ana haki. Desemba 2018 nchi hii yote ilichemka kwamba Disney wameiba maneno "hakuna matata" na kwamba sasa tutalipishwa tukiyatamka. Maombi ya mtandaoni yakapata sahihi zaidi ya laki moja. Ukweli ni kwamba Disney waliomba alama hiyo ya biashara 1994, ikasajiliwa Marekani 2003, na inahusu kuuza bidhaa kama fulana. Hakuna askari anayekuja Mbita kukukamata kwa kusema hakuna matata. Unaweza kuona ni ukosefu wa adabu kampuni kubwa kujisajilia maneno ya watu, na mimi naona hivyo. Ila hasira iliyojengwa juu ya taarifa isiyo sahihi hufa mapema, na ikifa inazika na lalamiko la kweli lililokuwa ndani yake.

Au Taylor Swift. Video yake ya Wildest Dreams ya 2015 ilionyesha Afrika yenye simba, twiga na Wazungu warembo, na Waafrika karibu hawaonekani. Aliitwa mkoloni. Mwelekezaji wake, Joseph Kahn, alijibu kwamba ni hadithi ya watu wanaotengeneza filamu zama za 1950, kwamba mtayarishaji na mhariri wa video wote ni watu weusi, na mapato yalikwenda kwenye hifadhi za wanyama kupitia African Parks. Majibu mazuri, ila hayakujibu swali: Waafrika wako wapi? Watu waliilinganisha na Out of Africa, filamu ya 1985 iliyopigwa hapa Kenya. Na unajua nani aliigiza kwenye Out of Africa? Job Seda. Yule yule wa Kothbiro, akicheza mtumishi.

Turudi ziwani, maana bado sijakueleza kuhusu Anyango.

Eriko Mukoyama ni Mjapani. Alikuja Kenya, akaipenda nyatiti, akaenda kuishi kijijini Siaya kujifunza kwa mzee Okumu K'Orengo. Nyatiti haikuwa chombo cha wanawake. Ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, amefunga njuga za gara mguuni, na pete ya chuma ya oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao kutoa mdundo. Basi mwanamke, tena mgeni, anaomba akae pale! Alikubaliwa baada ya kazi ndefu, akapewa jina Anyango, na leo anaipiga nyatiti Japani akiimba Kijaluo.

Je, ni mwizi wa utamaduni? Nimeisikia hoja hiyo, na nadhani inaanguka. Alifika kwa wenyewe. Aliomba. Alifundishwa na mwenye chombo, anamtaja mwalimu wake, na haiiti nyatiti jina la Kijapani. Swali gumu zaidi linatuhusu sisi: wasichana wangapi wa Ndhiwa na Uriri walitamani kukaa kwenye kile kigoda wakaambiwa hapana, kisha mgeni akaruhusiwa? Ninafurahi kumwona Labdi akipiga orutu jukwaani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na kabla hatujajifanya watunza ghala la utamaduni, tuikumbuke benga. Wapiga gitaa wa Congo kama Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo walifanya kazi Nairobi, na vidole vyao vikawafundisha vijana wetu. D.O. Misiani, mfalme wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, ng'ambo ya Muhuru, upande wa Tanzania. Kisha Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, akasambaza santuri za benga mpaka kusini mwa Afrika. Wazimbabwe waliipenda hadi wakaiita kanindo. Moja ya lebo zake iliitwa Sungura, na mpaka leo kuna muziki mzima Zimbabwe unaoitwa sungura. Wametuibia? Wameuita muziki kwa jina la mtu wetu! Natamani kila anayechukua angechukua hivyo.

Lakini kuna kesi ya nyumbani ambayo hatuipandishi X. Fungua TikTok yako hapo Migori mjini. Hesabu video za vichekesho ambamo mtu anaigiza lafudhi ya Mkuria akionyeshwa kama mshamba mwenye hasira na panga. Nenda Mfangano, uliza ni watoto wangapi wanaongea Olusuba na babu zao, kisha uulize ni nani aliyewacheka mpaka wakahamia Kijaluo. Mchekeshaji wako unayempenda akiambiwa na kijana wa Kehancha kwamba video yake inaumiza, utaandika nini? Nina hofu utaandika yale yale: ni mzaha tu, mwacheni, mna wivu. Sisi Wajaluo tunajua kulia tukidharauliwa Nairobi. Tukiwa Migori, sisi ndio wengi.

Tena kuna suala la namna unavyopigana. Kutafuta shule ya mtu, kusambaza picha zake, kumtumia vitisho kwa sababu amemsema staa wako, hiyo si stan, ni kosa la jinai. Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 iliweka faini ya hadi Sh20 milioni au miaka 10 jela kwa anayepatikana na hatia ya kumsumbua mtu mtandaoni. Staa wako hatakuja kukulipia dhamana Kituo cha Polisi cha Homa Bay. Hata hatajua umekamatwa.

Kwa hiyo siku hizi, jina likitrendi, mimi husoma kwanza mashtaka yenyewe mpaka mwisho, kisha namtafuta anayelalamika ni nani: ni mwenye kidonda, ama ni shabiki wa kundi pinzani anayetafuta sababu? Wapo wengi wa aina hiyo ya pili, na hao huwajibu bila huruma. Nikimpata wa kwanza, huwa nanyamaza kidogo. Si rahisi. Juzi nilinyamaza kwa saa mbili kuhusu msanii ambaye sitamtaja, na mkono uliniwasha kama mtu aliyeacha sigara.

Binamu yangu na mimi tulipatana Krismasi ya 2018, juu ya sahani ya ngege, bila mtu kusema pole. Alinisogezea kuon tu, tukaendelea kula. Nilikuja kuisema pole miaka minne baadaye, wiki ile Adidas ilipoachana na Kanye. Alinijibu kwa emoji moja ya mvua.

Ile posti yangu ya "mbaguzi gani anaimba Kijaluo" bado ipo. Sijaifuta. Facebook hunikumbusha kila Juni, na kila mwaka kuna mtu mpya anayeilike.